Jinsi ya kubishana Stonehenge ilijengwa ya nini bila kuishia kwenye porojo

Ubishi wa Stonehenge kawaida unaenda hivi: mmoja anasema lilikuwa hekalu la jua, mwingine anasema hapana yale ni makaburi, wa tatu anarukia kalenda, wa nne alikuwa kimya muda wote afu anaibuka na viumbe wa sayari nyingine, saa nzima imeisha na kila mtu yuko palepale alipoanzia. Na cha ajabu ni kwamba wote, ukimtoa huyo wa nne, wana ushahidi wa kweli mkononi. Makaburi yapo. Jua linapita pale linapotakiwa kupita. Mawe yanahesabika. Sasa inakuaje watu wenye ushahidi washindwe kufika popote? Kwa sababu hawabishani kuhusu kitu kimoja, na hapo ndo pa kuanzia kama unataka ubishi wenye faida.

Kwa ambaye hajawahi kuifuatilia, Stonehenge ni mawe makubwa yaliyosimamishwa kwa duara kwenye uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza. Waliojenga hawakuacha hata herufi moja. Kila kitu tunachojua kimetoka ardhini au kwenye mawe yenyewe.

Swali la kwanza: ya lini?

Mtu akikwambia "Stonehenge ilikuwa kwa ajili ya..." usimjibu, muulize kwanza Stonehenge ya lini. Sio ujanja wa kumkwepa, ni kwamba bila hilo jibu hamna mnachobishania.

Kwenye mwaka 3000 KK hivi watu walichimba mtaro wa duara na tuta lake, upana toka upande mmoja hadi mwingine ni mita 100 na ushee, na ndani yake kukawa na mashimo 56 ambayo siku hizi yanaitwa mashimo ya Aubrey, kwa jina la John Aubrey ambaye karne ya 17 aliona dalili za vishimo pale. Kipindi hicho hamna ile mijiwe mikubwa ya kwenye picha. Ile imekuja karibu miaka 500 baadae, around 2500 KK, yale mawe yanayoitwa sarsen yenye lenta juu yake. Baada ya hapo yale mawe mengine madogo, yanayoitwa mawe ya buluu, yakahamishwa na kupangwa upya, ikatengenezwa njia pana yenye mitaro pembeni inayoshuka hadi mto Avon, karibu kilomita 3, na watu wakaendelea kupachezea kwa karne kadhaa. Na kabla ya yote hayo, huko 8000 KK wakati watu bado ni wawindaji, kuna waliosimamisha nguzo kubwa za msonobari jirani tu na hapo, mashimo yake yalikutwa kwenye eneo la maegesho ya zamani ya magari.

Kwa hiyo tunaongelea sehemu iliyotumika zaidi ya miaka 1,000. Hagia Sophia ya Istanbul imefunguliwa kama kanisa mwaka 537, ikawa msikiti 1453, ikaja kuwa makumbusho karne ya 20, na 2020 ikarudi kuwa msikiti, na kuta ni zilezile. Yule anayetaka Stonehenge iwe na kazi moja toka mwanzo hadi mwisho anadai kitu ambacho hata majengo yenye maandishi hayajawahi kukifanya.

Ukishauliza hivyo nusu ya ubishi unakufa wenyewe. Wa makaburi anaongelea miaka 3000 hadi 2500 KK, maana mifupa iliyochomwa mingi ni ya hapo. Wa jua na kalenda anaongelea mawe makubwa ya 2500 KK. Inawezekana kabisa wote wako sahihi na hawajui. Na hili swali linafuta pia ile stori ya kwamba waliiga Misri: Piramidi Kuu ya Giza ni ya karne ya 26 KK, yaani rika moja na sarsen, wakati mtaro wa Stonehenge ulishachimbwa karne kadhaa nyuma.

Tenga kilichopimwa na kilichotafsiriwa

Hapa ndo ningependa mtu akae sana. Kabla ya kubishana kuhusu kwa nini, kubalianeni kwanza kuhusu nini. Ukiandika kwenye karatasi vitu ambavyo hata mahasimu wanakubaliana, unakuta vimekaa kama ifuatavyo.

Mawe yametoka wapi. Sarsen zina wastani wa tani 20 na kitu, na mwaka 2020 kina David Nash walionyesha kwa kupima kemia yake kwamba 50 kati ya 52 zilizobaki zina chimbuko moja, na panapofanana nalo zaidi ni West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini. Hilo limewezekanaje ni stori tamu yenyewe: mwaka 1958 wakati wa ukarabati walitoboa jiwe moja ili waliimarishe kwa vyuma, fundi mmoja anaitwa Robert Phillips akaondoka na kipande cha kiini chake, akahama nacho hadi Marekani, kakaa nacho miaka sitini, na uzeeni akakirudisha. Kumbe ndo kilikuwa sampuli ambayo hamna mtu angeruhusiwa kuitoboa tena leo. Mawe ya buluu, tani 2 hadi 5 hivi, mengi yametoka vilima vya Preseli huko Wales magharibi, zaidi ya kilomita 200. Afu kuna jiwe la katikati wanaloliita Altar Stone, tani 6, ambalo kwa karibu miaka mia watu walisema ni la Wales, hadi 2024 utafiti wa kina Anthony Clarke ulipoonyesha kwamba limetoka kaskazini mashariki ya Scotland, angalau kilomita 700. Ona hiyo ilivyowavuruga watu. Waliokuwa wamejenga nadharia nzima juu ya "Wales ndo ilikuwa nchi yao takatifu" ilibidi warudi mezani.

Mistari ya jua. Mhimili wa Stonehenge unatazama kaskazini mashariki jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote mwaka mzima, mwezi wa sita. Hilo William Stukeley alishaliandika karne ya 18. Lakini mstari una ncha mbili bwana, na ncha ya pili, kusini magharibi, inaelekea pale jua linapozama siku fupi kuliko zote, mwezi wa kumi na mbili. Huwezi kupata moja bila nyingine. Kwa hiyo kipimo ni "mhimili uko hivi", na "walikuja kuangalia macheo ya kiangazi" ni tafsiri. Watu wengi wanameza vyote viwili kwa pamoja kwa sababu picha za umati siku ya kiangazi ni nyingi, ila umati wa leo sio ushahidi wa watu wa miaka 4,500 iliyopita.

Mtu pia anaweza kukubana kwamba lile jiwe la nje, Heel Stone, haliko sawasawa na mhimili, jua linachomoza pembeni yake kidogo. Ni kweli. Ila mwaka 1979 Mike Pitts alikuta shimo la jiwe lingine jirani yake, na kama yote mawili yaliwahi kusimama kwa wakati mmoja basi jua lilikuwa linachomoza katikati yao. Kama. Hilo "kama" usilifiche, liseme mwenyewe kabla hujasemewa.

Mifupa. Watu waliozikwa pale walichomwa kwanza, na inakadiriwa wanaweza kufika 150. Kwenye miaka ya 1920 wachimbaji walitoa mabaki mengi afu yakaja kuzikwa tena yote kwenye shimo moja kama takataka, yakatolewa upya 2008. Mwaka 2018 kina Christophe Snoeck walipima mifupa ya watu 25 wakakuta angalau 10 hawakuwa wa pale, kemia ya mifupa yao inafanana na maeneo kama Wales magharibi. Yaani sio mawe tu yaliyosafiri.

Na nguruwe. Kilomita 3 hivi kutoka kwenye mawe kuna Durrington Walls, ambapo palikutwa nyumba za watu wa wakati uleule wa sarsen pamoja na rundo la mifupa ya nguruwe. Meno yanaonyesha wengi walichinjwa wakiwa na miezi tisa hivi, kwa hiyo kama walizaliwa majira ya kuchipua basi walichinjwa kipupwe. Vipimo vya isotopu, yaani alama za kikemia zinazoonyesha mnyama alikulia wapi, vikaonyesha wanyama waliokuja kwenye karamu za aina hiyo eneo lile walitoka sehemu nyingi za kisiwa, inaelekea wengine toka mbali kama Scotland.

Karatasi yenu ikiwa na hivyo, sasa bishaneni.

Kila nadharia iambiwe ilete inachodaiwa

Njia nzuri ya kumpima mtu sio kumuuliza una ushahidi gani. Kila mtu anao. Muulize: kama nadharia yako ni kweli, tungetarajia kukuta nini ardhini, na tumekuta? Na swali la pili ambalo ndo linauma: tungetarajia *kutokukuta* nini?

Chukua nadharia ya uponyaji. Geoffrey Wainwright na Timothy Darvill, ambao sio watu wa mchezo mchezo, walichimba ndani ya duara mwaka 2008 wakasema pale palikuwa kama kituo cha wagonjwa, mawe ya buluu yakiaminika kuwa na nguvu ya kuponya, ndo maana yanaonekana kumegwamegwa vipande watu waondoke navyo. Wanamtaja na yule jamaa wa Amesbury, kaburi lililofukuliwa 2002 jirani na pale, mtu aliyekulia huko upande wa milima ya Alps na goti lake lilikuwa limeharibika vibaya. Inavutia. Sasa mdai: kituo cha wagonjwa kinatakiwa kuacha makaburi yenye wagonjwa wengi kuliko makaburi ya sehemu nyingine za kipindi hicho. Mtu mmoja mwenye goti bovu hatoshi, magoti mabovu yapo kila mahali. Na jamaa mwenyewe kafariki kwenye 2300 KK hivi, mawe ya buluu yalishakuwepo karne nyingi. Anayetetea nadharia hii inabidi alete ulinganisho, sio stori ya mtu mmoja.

Kalenda nayo. Mwaka 2022 huyohuyo Darvill alikuja na hesabu: duara la sarsen lilikuwa na mawe 30, hizo ni siku za mwezi, zidisha mara 12 unapata 360, ongeza milango mitano mikubwa ya mawe ya ndani ndo siku 5, jumla 365, na yale mawe manne ya pembeni ni kwa ajili ya mwaka mrefu. Ukiisikia mara ya kwanza unapigwa na butwaa. Ukiisikia mara ya pili unauliza, hiyo 12 iko wapi kwenye mawe? Haipo. Imeletwa kutoka nje ili hesabu ikae. Mwaka uliofuata Giulio Magli na Juan Antonio Belmonte waliijibu kwa mambo ya namna hiyo, pamoja na kwamba mhimili wa jua unakupa siku ya kubadilika majira lakini hauwezi kukuonyesha kila siku ya mwaka. Mi ningeongeza jiwe namba 11, ambalo ni fupi na jembamba kuliko wenzake kwenye duara, mtu anayebishana kwamba duara lilikamilika kwa mawe 30 yenye lenta inabidi alieleze lile. Anaweza, anaweza kusema lilivunjika, ila asilirukie.

Hapo kuna mtego mkubwa unaotakiwa kuujua vizuri kwa sababu utarudi kila siku. Miaka ya 1960 Gerald Hawkins aliingiza ramani ya Stonehenge kwenye kompyuta, enzi hizo kompyuta ni ya ukubwa wa chumba, akatoka na mistari kibao ya jua na mwezi, akasema mashimo 56 ya Aubrey yalitumika kubashiri kupatwa kwa mwezi. Fred Hoyle, mwanaastronomia mkubwa kabisa, akaipenda akaiboresha. Richard Atkinson aliyekuwa amechimba pale miaka mingi akaipinga kwa ukali. Tatizo liko wapi? Chukua kalamu. Mashimo 56, ukiunganisha kila shimo na kila lenzake unapata mistari 1,540. Angani nako kuna macheo na machweo ya jua, ya mwezi, ya kiangazi, ya kipupwe. Ukiwa na mistari 1,540 usipopata hata mmoja unaogonga kitu ndo itakuwa ajabu. Kwa hiyo mtu akikuletea mstari uliolenga nyota fulani, swali lako ni: hii ni mistari mingapi umeijaribu mpaka ukapata huu? Mhimili mkuu hauangukii kwenye huu mtego kwa sababu ni mmoja, umerudiwa na njia pana, na umerudiwa na mpangilio wa mawe ya katikati. Ushahidi unaojirudia kwa njia tofauti una uzito, mstari mmoja uliookotwa kati ya elfu hauna.

Sasa njoo kwenye wafu, ambayo kwa mtazamo wangu ndo nadharia iliyocheza mchezo kwa heshima. Mwaka 1998 Mike Parker Pearson na mwenzake kutoka Madagascar, mwanaakiolojia anaitwa Ramilisonina, walitoa hoja kwamba Stonehenge ilikuwa ya wahenga. Ramilisonina alipopelekwa kwenye haya mawe ya Uingereza aliona kitu ambacho kwake kilikuwa wazi, kwao mawe ni ya waliokufa kwa sababu hayaozi, na mbao ni za walio hai. Wakasema basi mahali pa mawe patakuwa na mwenzake wa mbao, pa walio hai, na vitaunganishwa na mto. Tazama uzuri wa hilo dai: limesemwa *kabla* ya kuchimba. Baadae walipochimba Durrington Walls, ambapo palishajulikana kuwa na maduara ya nguzo za mbao, wakakuta nyumba, mifupa ya karamu, na njia inayoenda mto Avon, mto uleule ambao njia ya Stonehenge inashukia. Nadharia iliyotabiri ikapata ina mdomo mpana kuliko ile iliyokuja kuelezea vitu vilivyokwishaonekana.

Haimaanishi imeshinda. Kama uko upande wa pili shambulia hapa: desturi za Madagascar ya leo na wakulima wa Uingereza wa 2500 KK vina umbali wa bahari na miaka elfu nne na kitu, kufanana kunakupa wazo la kwenda kuchunguza, hakukupi jibu. Afu mifupa mingi iliyochomwa ni ya *kabla* ya sarsen, sasa kama pale palikuwa pa wafu, mbona wafu wanapungua wakati jengo ndo linakuwa kubwa? Mtetezi mzuri atakujibu kwamba makaburi yalishageuka kumbukumbu, kutoka mahali pa kuzika kuja mahali pa kukumbuka. Jibu lina mantiki. Lakini mwambie basi alitambue kuwa ni kazi mbili tofauti kwa vipindi viwili, na mmerudi kwenye swali la lini.

Kuna wa sauti pia. Trevor Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Salford walitengeneza mfano wa Stonehenge, kipimo cha moja kwa kumi na mbili, wakakuta kwamba mtu akiongea ndani ya duara sauti yake inasikika vizuri zaidi kwa walio ndani, na wa nje wanapata kidogo. Safi sana, na inaendana na wazo la sherehe za watu wachache. Ila ukuta wowote unabadilisha sauti. Kwamba kitu kinafanya jambo fulani haina maana kimejengwa kwa ajili ya jambo hilo, na hii inakata pande zote, hata kwa jua.

Wale wa kumaliza haraka

Wadruidi: makuhani hao wa kale wa Waselti tunawajua kupitia waandishi wa Kirumi na Kigiriki, karne za mwisho KK, sarsen zilishasimama miaka kama 2,000. Aubrey na Stukeley ndo waliowaunganisha na mawe. Wanaovaa kanzu nyeupe leo wana haki yao ya kusali, ila sio ushahidi.

Warumi: Inigo Jones alidhani ni hekalu la Kirumi, kitabu kikatoka 1655. Tarehe zimemkataa.

Merlin na majitu: Geoffrey wa Monmouth, karne ya 12, alisema mawe yaliletwa toka Ireland kwa ufundi wa Merlin, mchawi wa kwenye hadithi. Watu wanapenda kusema eti alikumbuka kwamba mawe yalitoka magharibi. Labda, ila kuna miaka zaidi ya 3,500 katikati, simulizi la mdomo kubeba kitu muda wote huo ni mzigo mzito.

Viumbe wa sayari nyingine: usitukane, onyesha kazi. Mtaroni zilikutwa pembe za kulungu walizotumia kama sululu, na ndo hizohizo zilizopimwa kwa kaboni zikatupa tarehe. Kuna nyundo za mawe. Juu ya nguzo kuna vichwa vilivyochongwa vinaingia kwenye matundu ya lenta, na lenta zenyewe zinashikana kwa ulimi na mfereji. Huo ni ufundi wa seremala umehamishiwa kwenye jiwe. Watu waliozoea kujenga kwa mbao wanajenga kwa jiwe kama vile ni mbao, mgeni kutoka nyota nyingine angejuaje kuhangaika hivyo.

Na wale wanaosema ni ya kuchongwa karne ya 20 kwa sababu wameona picha za kreni: ukarabati upo, 1901, kwenye 1920 hivi, 1958, 1964, mawe yalinyooshwa na mengine yaliyoanguka yakarudishwa. Lakini Lucas de Heere aliyachora kwa rangi kwenye miaka ya 1570. Mjadala unaisha hapo.

Usichanganye jinsi na kwa nini

Kuna ubishi mwingine mkali, kwamba mawe ya buluu yaliletwa na watu au barafu ya enzi za kale iliyasukuma hadi karibu na pale. Wa upande wa watu wanaonyesha machimbo ya Craig Rhos-y-felin na Carn Goedog huko Preseli, wa upande wa barafu wanasema hayo sio machimbo ni mpasuko wa asili. Huo ni ubishi wa jinsi, na mara nyingi unaingilia katikati ya ubishi wa kwa nini na kuuvuruga. Utenge, lakini ujue una mkono wake: kama barafu ndo iliyabeba basi hoja ya "waliyafuata mbali kwa sababu ni matakatifu" inapoteza mguu. Kwa hiyo ukitumia umbali kama ushahidi wa utakatifu, sema wazi kwamba unategemea watu ndo walibeba.

Kitu kingine chepesi ila kinasaidia sana, mtu akisema "ilikuwa ya ibada" usimwachie aondoke na hiyo. Ibada gani, ya akina nani, msimu gani, walikuwa wanafanya nini pale. Akishindwa kujibu hata kwa kukisia basi hajasema kitu, kajaza nafasi tu. Vivyo hivyo na "ilikuwa ya kuunganisha watu". Kuna hoja nzuri upande huo, mawe toka Scotland, Wales na jirani kukaa kwenye jengo moja, nguruwe toka kila kona, inafanana kweli na watu wa mbali kufanya kitu pamoja. Lakini mawe hayakufika siku moja, na jengo kubwa linaweza kuunganisha watu hata kama lilijengwa kwa sababu nyingine kabisa.

Na kabla hamjaanza, kila mmoja aseme ni kitu gani kikipatikana kitamfanya ahame. Asiye na jibu usipoteze muda wako naye.

Mi nisije nikawa nawaambia wenzangu tu, kwa hiyo langu hili hapa. Naamini Stonehenge ya sarsen, sio ya mtaro, ilikuwa mahali pa kukutania kipupwe, watu wanakula na kulala Durrington Walls afu wanapanda na ile njia toka mtoni au njia iliyokuwepo kabla yake, wanaingia wakitazama kusini magharibi jua linapozama siku fupi kuliko zote, mbele yao ule mlango mkubwa kuliko yote, na wanafanya hivyo kwa ajili ya wahenga waliozikwa pale karne zilizopita. Najua udhaifu wake, hiyo njia pana yenyewe inaonekana ni ya baada ya sarsen kwa karne moja au mbili. Nitahama kama meno ya nguruwe yakipimwa upya na kukutwa wamechinjwa mwaka mzima bila msimu, au tarehe za sarsen zikisogea mbali na za nyumba za Durrington. Aliye na kalenda naye aweke zake mezani, aanzie na ile 12.